Mgeni Ambaye Hakujitambulisha

Mchungaji Dominiki, mlezi wetu. Profesa Shem, uliyemsimamia binti yetu katika masomo yake. Wazee, akina mama, wanafunzi wa mitaa ya Glenwood na Berea, nanyi mliojaza taxi mbili kutoka Queensburgh: ninawasalimu kwa niaba ya jumuiya ya sala ya Warundi tunaoishi mji huu, ambayo mimi, Léonidas Niyongabo, ni mwenyekiti wake hadi mtakaponichoka.

Tumekusanyika kumuaga Daktari Chepkoech, anayerudi kwao Kericho. Alikuja kwetu miaka minne iliyopita akitafuta kanisa linaloimba Kiswahili, na nilipomuuliza anasoma nini, akajibu, "Mzee, nasoma vile makundi ya Wazungu wanaojiona wameumbwa watawale wengine yanajipanga siku hizi." Niseme ukweli, nilicheka. Nilidhani watu hao wana magwanda na bendera, na kwamba ukiwaona unavuka barabara, basi.

Daktari alinifundisha kwa subira. Hawana kadi wala ofisi, na mara nyingi hawana hata kiongozi mmoja wa kukamatwa. Wanaanza na ukurasa wa wazi kuhusu mazoezi, kilimo au malezi. Wanaweka utani, na anayecheka sana anaitwa kwenye kikundi kidogo, kisha kingine kidogo zaidi, na humo anaambiwa kwamba watu wa rangi yake wanafutwa duniani na adui ni jirani yake. Kijana mpweke anapata ndugu kwanza. Chuki inakuja baadaye. Video ya ng'ambo inawekewa sauti ya hapa. Na picha za kutishia watu? Hizo wanazichukua kwetu.

Kwetu vipi? Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Mnajua desturi yetu: kila anayeingia katika kikundi chetu cha WhatsApp anajitambulisha kwa sauti yake, jina lake, tarafa ya wazazi wake na wimbo anaoupenda, nasi tunamwitikia. Mwaka jana, kabla ya harusi ya mwenzetu Bonheur, nilibandika kiungo cha kikundi kwenye Facebook, wazi kabisa, ili ndugu wa Bujumbura na Ubelgiji waingie bila kunisumbua. Akaingia mmoja, "Dada Anaïs", mwenye picha ya maua. Hakujitambulisha. Tukasema ana haya. Mimi mwenyewe nilimwandikia, "Karibu sana dada, Mungu akubariki." Miezi mitano alikaa kimya akichota picha zetu.

Jumapili moja Chepkoech alinisimamisha mlangoni, akanionyesha simu yake. Ilikuwa picha ya Mama Godelive wa kwaya yetu na wanawe watatu wakiwa na nguo za harusi, katika chaneli aliyokuwa akiifuatilia kwa utafiti, na juu yake maneno ya kutuita wavamizi. Ilikuwa imeshasambazwa mara maelfu, tena hata na majirani wa rangi yetu ambao hawakujua imetoka wapi. "Mzee," akaniuliza, "hawa watu mia mbili wa kikundi, mnawajua wote?" Eish. Nikatoa simu yangu, nikaanza kuhesabu majina.

Mama Godelive aliniambia, "Mimi sitoki tena, Papa. Batoto yangu iko kwa telefone ya watu sijue." Akaacha kwaya, akafunga meza yake ya vitambaa sokoni. Miezi minane. Niliona aibu, na bado naiona.

Chepkoech hakunilaumu. Alikaa nami jikoni Jumamosi mbili, tukapiga simu kwa kila jina. Kumi na moja hawakujulikana na mtu yeyote, tukawatoa. Tukaripoti ile picha, ikaondolewa, ikaibuka kwingine, tukaripoti tena. Na kila Alhamisi, bila kutangaza, alipanda taxi hadi Queensburgh kwa Mama Godelive, si kumhoji, ila kumsaidia kukunja vitambaa. Je, hayo yamo katika tasnifu yake? Profesa Shem, nimesoma kurasa zote. Hayamo.

Daktari, jana nilimpigia Mama Godelive kumwambia asiogope, leo hakuna atakayepiga picha. Akasema, "Sasa Chepkoech ataenda na sura yangu ya nini, Papa? Ile ya wale batu ya telefone?"

Mama Godelive yuko pale karibu na dirisha, amevaa nguo ileile ya harusi. Ameomba nikimaliza tupige picha, na yeye atasimama mbele pamoja na wanawe. Basi nimemaliza. Asanteni kwa kunitegea masikio. Mpiga picha, njoo.