Miguu Yangu Kwenye Mvinyo wa Mama

Ndugu zangu, miguu hii mnayoiona imefika Ulaya. Mimi mwenyewe sijapanda ndege hata siku moja. Imefika kwa njia ya intaneti, ikiwa imekanyaga ndizi mbivu, na nusura ifunge kiwanda cha watu ambao hawakunikosea kitu.

Mnacheka. Chekeni tu. Siku ile hata mimi nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimelewa.

Mniwie radhi, sitaketi. Tangu niache pombe kukaa kitako kunanishinda. Nitakwenda na kurudi hapa mbele huku nikieleza. Wazee wangu, shikamooni.

Baadhi yenu mnanijua tangu nikiwa mchoraji wa maua ya vitenge katika kiwanda cha nguo cha umma. Mitumba ikajaa sokoni, kiwanda kikatafutiwa mwenyewe mpya, tukapunguzwa kazi. Nikanywa. Mke wangu alivumilia mpaka akachoka, akachukua watoto akarudi kwao Magu. Nilipoacha, wakarudi. Nikakaa miaka miwili bila kuonja. Nikajifunza kompyuta katika duka moja la mjini, nikawa natengeneza kadi za harusi. Duka lile lilipopata intaneti, nikajifunza na kutengeneza tovuti.

Ndipo akaja mama mmoja, mtu wa Kagera kama mimi, mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi hapa Pasiansi. Mvinyo kutoka Afrika Kusini ulikuwa umejaa madukani, wa kwake umesukumwa rafu ya chini. Hoteli moja kubwa ya Dar ilikuwa tayari kuuchukua, lakini meneja alitaka kwanza kuona tovuti. Wanawake kumi na mmoja walimenya ndizi pale. Wote walikuwa wanaingoja hoteli ile.

Nilikwenda na daftari kuuliza: ndizi gani, inachachuka siku ngapi, inachujwa na nini. Mama akamimina glasi. Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna sumu, kisha humpa. Ukikataa baada ya yeye kuonja, umemwita mchawi. Akaonja, akaninyooshea.

"Onja, mwanangu. Utaandikaje usichokijua?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: Mama, mimi sinywi. Niliona haya. Nikapokea kwa mikono miwili.

Alikuwa na aina nne za mvinyo. Mimi nilikwenda mara tisa. Kila nikitoka pale mwili ulikuwa hautulii. Napitiliza nyumbani, naenda hadi Buhongwa, mahali nisipojulikana, kumalizia nilichoanza. Mke wangu akiniuliza nimetoka wapi, namwonyesha daftari.

Siku ya kukamilisha tovuti niliingia dukani nikiwa nimekunywa tangu asubuhi. Mama alikuwa amenipa picha ya ukurasa wa kwanza: wafanyakazi wamevaa makoti meupe, wamesimama kando ya mashine ya kukamulia. Nikaiona haina uhai. Katika mkoba nilikuwa na picha yangu ya zamani, niko kwa mjomba kijijini, ndani ya ule mtumbwi wa gogo wa kukamulia ndizi, suruali nimekunja, nakanyaga, vidole vyote vinaonekana. Mjomba aliyeipiga picha ile alinikata kichwa. Nikasema, hii ndiyo asili yetu, wazungu watapenda. Nikaiweka. Na neno la siri la kufungulia ile tovuti nililibuni palepale, kwa akili ileile, sikuliandika popote.

Sasa sikilizeni. Kwenye kila chupa ya mama yule pana karatasi imeandikwa: "Hukamuliwa kwa mashine. Haukanyagwi kwa miguu." Alihangaika miaka mingi ili watu waamini maneno yale.

Wiki haikuisha. Faksi ikaja kutoka hotelini, mstari mmoja: wanaomba maelezo kuhusu miguu.

Mama akaniita, mkononi ana karatasi yenye ile picha ya tovuti. Wamenyaji wote waliacha visu.

"Miguu hii ni ya nani?"

"Sijui, Mama. Labda ilitoka hukohuko kwenye intaneti."

Akaitazama ile karatasi, akatazama chini. "Vua kandambili."

Mnakiona hiki kidole changu kidogo kilichompanda mwenzake. Mmenyaji mmoja akapiga makofi. "Yesu wangu! Mama, ndicho chenyewe! Kidole kama hicho nchi nzima kiko kimoja!"

Wakacheka wote, isipokuwa mama. Nilitaka kukimbia, niliutazama mlango. Lakini niliona visu vile mezani, na kila kimoja kina mwenyewe, nami ndiye niliyekuwa navinyang'anya. Nikapiga magoti.

"Mama, mimi ni mlevi. Nilikuwa nimeacha. Uliponionjesha sikukwambia."

Akachukua ileile glasi, akaisuuza, akajaza maji ya mtungi. Akanywa yeye kwanza, mbele yangu, kama desturi. Akaninyooshea.

"Mgeni wangu alikuwa na sumu yake, nami sikumuuliza," akasema. "Kunywa."

Nilikunywa. Tangu siku ile sijaonja kingine.

Namshukuru mama yule. Namshukuru mmenyaji yule aliyenileta katika ukumbi huu wa walioacha pombe Jumapili iliyofuata, akinitania kidole njia nzima. Namshukuru mke wangu ambaye safari hii hakufunga mizigo, ingawa najua begi analiweka wapi. Nanyi niwaachie neno moja: msione haya kumwambia mwenye nyumba msichoweza kunywa, hata kama ameshaonja. Haya ya dakika moja imenigharimu ile miaka miwili.

Mama alimwandikia meneja aje aone mashine kwa macho yake. Hajajibu. Na ile picha siwezi kuiondoa, kwa kuwa neno la siri limenipotea. Nimejaribu majina ya watoto, ya mjomba, ya kila kilabu cha Buhongwa. Jana mchana nilikuwa dukani tena. Ukurasa ukafunguka taratibu, mstari kwa mstari kutoka juu: migomba, kifua, gogo. Kisha miguu.