Nyanda Sayi, Mkemia Aliyeufuata Mmea

Wazee wetu, majirani, nanyi mliotoka Mwandoya kwa miguu, familia ya Mzee Sayi inawasomea maisha ya kijana wake Nyanda, na haitaficha neno.

Alizaliwa Mwandoya tarehe 9 Juni 1922, mtoto wa tatu wa Mzee Sayi, mfugaji, na Mama Lukresia, akaanza shule ya misheni mwaka 1931, akaendelea Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere kusoma kemia, kisha akawa mwalimu. Tarehe 16 Agosti 1947 alifunga ndoa na Domitila, wakajaliwa watoto wawili, Malimi na Thomasi.

Mwaka 1952 alikwenda Uingereza kwa utafiti, akapewa kazi ya kutengeneza dawa ya tumbo inayopatikana ndani ya mmea, dawa ambayo chembe zake zimeshikana mduara kama bangili, na wenyeji wake waliufunga mduara huo kwa asidi kali na moto, wakapata dawa kidogo na masizi mengi. Nyanda alijiuliza mmea wenyewe unafanyaje, akachagua viungo vyepesi, akaviweka pamoja katika maji yasiyochemshwa, na msimamizi wake alipomwambia huo ni ushirikina wa kwao, alijibu, "Mmea hauna jiko, bwana, na dawa unaitengeneza." Alikatazwa, akaendelea, akashindwa mara nyingi, hadi Mei 1954 mduara ulipojifunga. Msimamizi alitaka kuitangaza kazi ile kwa jina lake peke yake, Nyanda akakataa, akalirudia jaribio mbele ya wakuu wa chuo, na jina lake likaandikwa la kwanza.

Alirudi mwaka 1955, akafungua chumba cha majaribio nyumbani kwake Somanda, akaugua figo Novemba 1958, akafariki hospitalini tarehe 3 Machi 1959, mkono wake ukiwa mkononi mwa Domitila.

Tunayasikia yanayonong'onwa hapa msibani, kwamba karogwa, kwamba miti imelipiza kisasi kwa kuibiwa siri yake, nasi tunasema kwa sauti, figo ndizo zilizomuua. Waliomtaka Domitila avitupe mtoni vyombo vya kioo vya mumewe aliwajibu, "Nitupeni mimi kwanza," na vyombo viko kabatini, na Malimi, waliyetaka aachishwe shule, Jumatatu anarudi darasani, mtu apende asipende.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, na walimu wenzake mliobeba jeneza wengine walipoogopa kuligusa.

Nyanda, ng'wana Sayi, pumzika kwa amani, maneno ya watu tuachie sisi.