Makala Iliyofutwa na Bado Inatembea

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, mguu mmoja umewekewa tofali, mbele ya kibanda cha Gundi, mjalidi vitabu, hatua chache kutoka geti la chuo. Wanafunzi wakikaribia kumaliza, kibanda hujaa tasnifu, na benchi hujaa watu ambao hawajasoma hata moja lakini wana maoni juu ya zote. Asubuhi hiyo walikuwa wanne: Gundi mwenyewe, brashi mkononi, Wembe, kinyozi wa jirani, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa huja kunyoa hoja, Mama Birika mwenye kahawa, na Mzee Gramu, mstaafu wa maabara, aliyebatizwa jina hilo kwa sababu hupima sukari yake kwa ncha ya kijiko kana kwamba ni dawa.

— Jamani, kazi hii naacha, — Gundi alianza. — Tasnifu nimeshaijalidi, herufi za dhahabu nimepiga, leo mwenyewe ananipigia simu: ichane! Kuna makala ameitaja humo, kumbe ilishafutwa.

— Ilifutwa kwa raba? — Wembe akauliza.

— Acha utani. Walioiandika wenyewe waliikana. Miaka tisa sasa! Wakatangaza: tumekosea, msiitumie. Na hii ni tasnifu ya saba inapita mikononi mwangu inaitaja. Ile ya kipimo cha dawa ya minyoo kwa watoto wadogo.

Kijiko cha Mzee Gramu kikasimama kikombeni. Makala hiyo aliijua kuliko kiganja chake. Dawa yote iliyosemwa humo ilipimwa na mkono wake. Akainamisha kichwa, akajifanya anapuliza kahawa.

— Hapo hapana ajabu, — alisema Mama Birika. — Ni kama mchumba uliyemwacha. Wewe umeshatangaza mmeachana, mtaa mzima bado unamwita shemeji.

— Wapi! — Wembe akadakia. — Wale si walijianika wenyewe? Basi! Mficha uchi hazai. Wao hawakuficha, ona sasa, wamezaa vitabu saba!

— Methali hiyo haiendi hivyo, — alisema Mama Birika.

— Inaenda popote ninapoipeleka. Nisikilizeni. Makala ikifutwa inageuka mzimu. Usipoitaja, tasnifu yako haifaulu. Maprofesa wanajua, wananyamaza tu!

Gundi akatikisa brashi.

— Mzimu gani? Ni uvivu. Wote saba wameandika ukurasa wa 412. Huyu wa leo ndiye kaniambia ni 421. Wa kwanza alikosea, wa pili akanakili kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili. Kabla ya huyu hakuna aliyeifungua! Angeifungua mmoja wao tu, angekuta tangazo la kufutwa.

— Na kosa lenyewe lilikuwa nini? — aliuliza Mama Birika.

— Mizani, nasikia.

— Aaa! Basi ni yule fundi wa maabara! — Wembe alisimama kabisa. — Alikuwa amelewa. Au alitumwa na chuo kingine aharibu. Mimi ningekuwa bosi wake, asingelala na kazi.

— Hakulewa, — alisema Mzee Gramu.

Benchi zima likamgeukia. Mzee akaweka kikombe chini.

— Mizani ilikaa meza moja na friji. Friji likinguruma, mizani inacheza, inasoma zaidi kidogo. Hakuna aliyejua. Siku friji lilipoharibika, namba zikabadilika, ndipo ikajulikana.

Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Siku ile ya friji ikamrudia yote. Makala ilikuwa imeshachapishwa, pongezi zimeshatolewa, na Mama Daktari, mkuu wao, alikuwa anangoja cheo. Siku tatu mzee alizunguka na siri hiyo. Ya nne akaingia ofisini kwa mkuu huyo, akamweleza. Mama Daktari alitazama namba, kisha akasema: “Ahsante kwa kuniambia wewe, kabla sijaambiwa na mwili wa mtoto wa mtu.” Akaifuta makala kwa saini yake mwenyewe. Cheo kikampita. Hakumfokea hata mara moja, na miaka yote waliyofanya kazi pamoja baada ya hapo hakulitaja lile friji. Kwa ajili ya mwanamke yule, Mzee Gramu alimshukuru Mungu kila alipokumbuka, na alikumbuka kila siku.

Wakati huo akafika dada mmoja mwenye sare ya uuguzi, kurasa alizosahihisha amezikumbatia kifuani.

— Huyu ndiye mwenye tasnifu, — alisema Gundi.

— Hamjambo? Nisamehe kwa usumbufu, fundi. Nakushukuru hujanifukuza. — Akaketi ukingoni mwa benchi. — Mimi ni muuguzi wodi ya watoto. Kipimo cha makala ile nilishakiandika, kilibaki kubandikwa ukutani wenzangu wakitumie. Jana nikasema ngoja niisome yenyewe. Nikakuta tangazo. Mwisho wake wameandika: tunamshukuru fundi wetu wa maabara, aliyeligundua kosa akatuambia. Nimemwekea mstari kwenye ukurasa wa shukrani, ila hawakutaja jina.

Wembe alimtazama mzee. Akatazama kikombe. Sauti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilikuwa ndogo.

— Mzee Gramu… friji ulilijuaje?

Mzee aliinua uso. Macho yalishajibu. Dada yule akasimama, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

— Shikamoo, baba. Wale watoto ni wangu kama wa kuzaa. Ahsante. — Akawageukia wale watatu, kalamu tayari. — Jina lake kamili nani, niandike?

Gundi akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Mama Birika. Miaka sita wanakunywa kahawa benchi moja, wanamkopa kiberiti, wanamkatiza maneno, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Nipe kalamu, mwanangu, — alisema mzee, akipangusa macho kwa kiganja.

Akaandika kwanza majina ya Mama Daktari, yote matatu, taratibu. Kisha chini yake akaandika lake.

— Liache hapo, — alisema. — Langu lisitangulie.