Saa Nane Mpaka Iishe

Aliyepanga kumuaga Bwana Pazia Jumamosi saa tisa alasiri aone haya. Miaka thelathini na mmoja mtu huyu ameitumikia redio yetu, anastaafu tarehe thelathini Juni, na hakuna Jumamosi hata moja ambayo saa tisa ilimkuta nje ya studio namba mbili. Saa tisa opera iko hewani. Leo mnataka akate keki ukumbini huku waimbaji wake wakiimba kama yatima? Mmefunzwa na nani?

Nimeombwa niandike mimi maneno ya kumuaga katika jarida la redio kwa sababu namjua kuliko ninyi nyote. Nilifagia studio ile miaka ishirini na miwili, nikastaafu kabla yake. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mhariri wa jarida asahihishe herufi tu, maneno aniachie.

Alikuja hapa kama fundi mitambo, mwembamba, ana shati moja la kutokea. Akaomba alasiri moja kwa wiki apige opera nzima, mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, tangu pazia linapofunguka hadi linaposhuka. Mkuu wa wakati ule alicheka, akauliza nani atasikiliza watu wanaopiga ukelele kwa lugha asiyoijua. Akampa Jumamosi mchana, akiamini watu wamelala. Hawakulala. Kabla ya kila sehemu Bwana Pazia alieleza hadithi kwa Kiswahili chepesi, akasema pazia hilo linafunguka, akanyamaza. Ninyi watangazaji wa siku hizi, mnaoongea juu ya nyimbo kama madalali mnadani, mjifunze hapo.

Kwenye ratiba ya ukutani kila kipindi kina saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Chake kimeandikwa kwa mkono wake: saa nane mpaka iishe. Ikiwa ndefu, msoma habari anangoja mapumziko, anasoma, anatoka kwa kunyata. Mwanzoni alinuna mdomo ukafika kifuani. Sasa ndiye wa kwanza kuuliza kama yule binti wa hadithini amekwisha kuolewa.

Kukosea alikosea, tusimpake asali. Maelezo yake alikuwa anayaandika kwenye karatasi na kuzitia ndani ya majalada ya santuri. Mwaka wa pili akachomoa santuri ya nne kabla ya ya tatu, akasoma karatasi iliyokuwamo kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, akapiga. Mwanamke akafa, makofi yakapigwa. Kisha akachomoa ya tatu, akatusomea kwamba mwanamke yuleyule anachagua nguo ya harusi. Mimi napangusa kioo cha studio, nikagonga, nikamwonyesha kwa mikono kwamba huyu si tumeshamzika? Kabla hajanielewa simu ikalia. Ni mama mshona nguo, amesimamisha cherehani kwa kilio.

"Baba, nirudishie machozi yangu," alimwambia. "Nimemlilia mtu anayekwenda harusini."

Mwingine angejifanya hakusikia. Yeye alifungua kipaza sauti, akaomba radhi, akapiga santuri ya tatu yote, kisha ya nne tena. Marehemu akafa mara ya pili, safari hii kwa utaratibu. Mshona nguo akapiga simu kusema sasa amelia vizuri zaidi.

Tangu siku ile hakugusa karatasi. Kila Ijumaa asubuhi alinikalisha kitini, ufagio magotini, akanisimulia opera ya kesho kwa mdomo. Nikipotea, anaanza upya. Nilimwambia watu wale wa opera wana ila moja tu, wamekosa shangazi. Shangazi mmoja mwenye akili angemaliza mambo yote sehemu ya kwanza, watu wakaenda kula. Akayasema hewani. Barua za mashangazi zilimiminika wiki mbili. Nimestaafu, lakini Ijumaa bado naja, na nauli natoa mwenyewe.

Makofi ya mwisho pia hayakatwi. Mkewe yuko jikoni na redio yake. Akisikia makofi ndipo anainjika sufuria, na bwana akifika mlangoni chakula kiko tayari. Ndoa imedumu hivyo, nanyi mnasema makofi ni kupoteza muda.

Maana nimeiona ratiba ya Julai. Saa nane hadi saa tisa, opera, vipande vitamu. Mkuu wa vipindi, mwanangu, vipande vitamu ndiyo nini? Uliona wapi watu wanafika makaburini bila kujua nani amekufa? Ulipomuuliza Bwana Pazia anataka zawadi gani, hakutaka saa ya ukutani wala kiti. Alijibu neno moja: "Msiikate." Ukamwambia utaangalia. Anaondoka ameridhika na kazi yake, afya anayo, wajukuu anao. Neno hilo la kuangalia ndilo linalomkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Na usiseme hakuna wa kushika kiti chake. Yupo mama wa maktaba ya santuri, miaka kumi na mmoja amekuwa naye bega kwa bega. Tangu mwaka jana yeye ndiye ananisimulia Ijumaa, Bwana Pazia ameketi pembeni anaitikia kwa kichwa. Nimepotea mara moja tu, na kosa lilikuwa la pacha wawili wa hadithini, si lake.

Bwana Pazia, mwanangu, ahsante kwa kutufanya tulie na watu tusiowajua. Nenda ukakae jikoni kwa mkeo, usikilize kama sisi, na siku zako zilizobaki zisikatwe na mtu.

Ninyi wengine, sherehe ianze baada ya makofi ya mwisho. Keki haitaota miguu. Nawe mkuu wa vipindi, inuka sasa hivi, kabla ya chai, uibandue ratiba ile mpya ukutani. Kisha chukua kalamu, andika kwa mkono wako mwenyewe: saa nane mpaka iishe.