Kitengo Kisichoingiza Kitu

"Mama, kila asubuhi unamwomba Mungu akuepushe na mabaya, na hujapatwa na lolote. Si upumzike?" Jirani aliwahi kumuuliza hivyo mjane mmoja, mshona nguo. Mjane alimshukuru, akaendelea kuomba.

Siku moja alikaa kwenye treni, nyuma ya abiria wawili wasiojuana. Dada mmoja alikuwa akilalamika kwamba wakubwa wa benki yake wanakutana asubuhi hiyo kuamua kama wafunge kitengo chake cha kudhibiti hatari. "Wanasema mwaka mzima hakujaharibika kitu, kwa hiyo tunakula mshahara wa bure."

"Hawajakosea, dada'ngu," alisema jirani yake wa kiti, mhasibu aliyevaa tai. "Hata kwenye benki yetu nilipiga hesabu, nikaona kitengo kama hicho hakiingizi hata senti. Tukakifunga, gharama zikashuka palepale."

"Na benki inaendeleaje?"

"Ilikufa. Mikopo ilitoka ovyo, hakuna wa kuuliza." Alinyoosha tai yake. "Sasa hivi naenda kwenye usaili. Lakini hesabu zangu zilikuwa sahihi kabisa."

Mjane aligeukia dirishani, asije akaonekana anacheka. Treni iliposimama, dada alibeba mkoba wake akashuka.