Kilio Hakingoji Likizo

Jambo yenu wote. Najua desturi ya hapa: anayetoa ushuhuda anaanza na wimbo, watu wanapiga makofi, halafu anasema Mungu amemtoa shimoni. Leo mnisamehe, wimbo sina. Shimo ninalo, na nilitoka, na nitawaambia lilichimbwa namna gani. Sitataja jina la mtu. Wanaojijua watajijua hapo walipokaa.

Wengi mnaniita mama komanda. Jina hilo mlinipa ninyi, mimi sikuliomba. Bwana yangu ni rubani. Tulipooana alikuwa anaruka ndani ya nchi tu, na ndege ndogo za propela: Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, Manono, na viwanja vingine ambapo mbuzi wanafukuzwa kwanza ndipo ndege itue. Ilikuwa kazi ya vumbi, na mshahara ulipenda kuchelewa. Lakini mtu alikuwa anarudi. Akimaliza zamu yake anapanda gari Lubumbashi, anashuka hapa Likasi na mfuko wa samaki wa Kalemie, nyumba nzima inanuka, na mimi nagombana naye juu ya ule mfuko. Ndugu zangu, nawaambia, kugombana juu ya samaki ni raha. Sikujua hivyo wakati ule.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Shituru. Watoto wangu wawili walisoma darasa la jirani. Hatukuwa matajiri, tulikuwa watu.

Basi siku moja kompani kubwa ya ng'ambo, nchi za Waarabu, ikamwita. Ndege za kimataifa, mshahara ambao hapa hata injinia wa kiwanda hauoni. Alirudi nyumbani na habari hiyo akiwa anatabasamu na kuogopa kwa pamoja. Akaniuliza, "Unaona je?" Kabla sijafungua mdomo, ukoo wake ulikuwa umeshajaa sebuleni. Kaka yake mkubwa ndiye aliyesema kwa niaba ya wote:

"Hapa mu inchi anaendesha ndege sawa taxi. Kule njo atakuwa rubani ya kweli. Mutoto wa mama yetu atalala mu hoteli mu Paris, na siye tumuvute shati abakie?"

Na hapa kanisani tulifunga na kuomba ili mkataba upite. Msijifanye mmesahau. Mtumishi mmoja aliona maono: ndege kubwa, nyeupe, inapita juu ya mataifa. Karibu kila ndege kubwa ni nyeupe, lakini siku ile hakuna aliyelitamka hilo. Mimi pia nilisema amina. Mwanamke anayezuia mkate wa ukoo mzima, jina analopewa mnalijua, na mimi sikutaka kuitwa mulozi, mchawi.

Mkataba ulikuwa na meno. Ukiuvunja kabla ya muda, unairudishia kompani gharama za mafunzo ya ile ndege kubwa. Likizo inapangwa na ratiba yao, si na moyo wako. Na mimi nikaambiwa niache kufundisha. Mama mkwe alisema bibi ya rubani wa kimataifa hawezi kula vumbi ya chaki. Nikaacha. Nilikabidhi darasa langu kama mtu anayekabidhi nguo za zamani.

Sitawadanganya, pesa ilikuja. Tulipata bati jipya, jenereta, watoto wakahamia shule ya masista. Na ndugu nao walikuja. Kila mmoja akawa na jino la kung'olewa. Bwana yangu alikuwa anapiga simu kutoka hotelini, amevaa shati jeupe, nyuma yake kitanda kimetandikwa vizuri hata mkunjo haupo. Anauliza, watoto wamekula? Wamekula. Jenereta inawaka? Inawaka. Halafu anasema amechoka, na kweli alikuwa amechoka, macho yalikuwa mekundu. Mtu anavuka bahari leo, kesho anavuka jangwa, mwili haujui tena ni asubuhi ya wapi. Nilimwonea huruma. Nasema hivyo ili msidhani nilioa jiwe.

Chekeni, chekeni. Niliolewa, najua.

Ndipo baba yangu akafa, kule Kapolowe. Alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa misheni, na alimpenda mkwe wake kupita kiasi. Ndege ikipita angani alikuwa anasimama shambani na jembe begani, anawaambia watu, "Mukwe yangu njo ule." Hata kama ilikuwa ndege ya serikali.

Nilimpigia simu bwana yangu. Alilia kwenye simu, nilimsikia. Akaenda kuomba ruhusa. Ndugu zangu, nisikilizeni vizuri hapa. Kompani ina karatasi ya sheria zake: ukifiwa na mzazi, mke au mtoto, unapewa siku. Baba wa mke hayumo. Wakamwambia pole, na siku iliyofuata wakampa safari ya Asia. Kwa hao watu, baba yangu hakuwa mtu wake.

Akatuma pesa. Sanduku la maiti lilikuwa zuri, sanduku ambalo Kapolowe haijaliona. Lakini ninyi mnajua kazi ya mkwe kwenye kilio. Mkwe anapasua kuni. Mkwe analala nje na wanaume. Mkwe anashika koleo. Kaka zangu walifanya zile kazi zote, na kila mtu aliyepita alisifu sanduku halafu akauliza, "Mukwe iko wapi?" Nilichoka kujibu. Mama yangu aliulizwa pia.

Alikuja likizo ilipofika, kaburi la baba limeshaota majani. Tukaenda Kapolowe naye. Sasa, mtu aliyekosa kilio anafika namna gani kwetu? Hata mtoto anajua. Unashuka barabarani na unaanza kulia pale pale. Unaingia unalia, humsalimii mtu, hunywi maji, unakwenda kukaa chini mbele ya wafiwa mpaka wakushike mkono. Hapo ndipo unakuwa umefika.

Bwana yangu alishuka garini na miwani ya jua. Alisalimia. Alikumbatia watoto wa kaka zangu, akagawa peremende za uwanja wa ndege. Shangazi yangu, kwa kuchanganyikiwa au kwa kumpima, sijui, akamwekea mezani bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Alikuwa na njaa ya safari. Akanawa, akala. Akasema, "Mama, sombe ya huku iko tamu."

Kaka zangu walisimama mmoja mmoja, wakatoka nje. Bwana yangu, mtu anayejua maana ya kila taa inayowaka mbele yake huko juu, akaniangalia akauliza, "Kuko nini?"

Kaka yangu akamjibu kutoka mlangoni: "Unakula na haujalia? Baba yetu alikuwa imbwa?"

Na yeye, kwa aibu, akasema neno ambalo sitalisahau: "Lakini minye njo nililipa sanduku."

Mama yangu aliondoa sahani. Aliiondoa tu, ikiwa bado na chakula.

Likizo iliisha, akarudi kazini. Mimi nikabaki katikati. Kwa mama siwezi kutaja jina la bwana yangu, kwa wakwe siwezi kulia baba yangu sana, maana wanasema namtukana kijana wao. Nikaingia chumbani, nikafunga mapazia. Sikuoga. Sikupika. Niliwafundisha watoto wangu kusema, "Mama anaomba." Na ninyi mkaamini! Mlinisifu hapa mbele kwamba mama komanda ameingia katika maombi ya ndani. Nilikuwa nimelala tu. Nilikuwa nanuka, na mlikuwa mnanitaja kama mfano.

Aliyeniamsha si mhubiri. Ni mama mmoja anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, karibu na reli. Yupo hapa leo, na amenikataza kumwangalia. Aliingia bila kubisha, akavuta mapazia, akasema, "Mama, maombi hainukake hivi." Akachemsha maji, akaniogesha kama mtoto. Kesho yake akarudi na wenzake watatu, wote waume zao wako mbali: mmoja anachimba Kakanda, mmoja dereva wa malori, mmoja hata hajui bwana yuko wapi. Hawakunihubiria. Walikaa. Walimenya mihogo kwenye sebule yangu na kusengenya watu, na siku moja nikajikuta nasengenya nao. Hapo nikajua nitapona.

Nilikuwa nimeanza kusimama hivyo ndipo simu ikalia. Bwana yangu. Muda wa mkataba ulikuwa unakwisha, kompani inataka asaini tena. Na kampuni ndogo ya Lubumbashi nayo inamtaka, aruke ndani ya nchi kama zamani, mshahara mdogo, kulala nyumbani. Ndugu zangu, kwa miaka yote niliomba kusikia maneno hayo.

Halafu akasema: "Chagula weye. Ukisema nirudie, nitarudia. Lakini weye njo utaambia bandugu yangu pesa ilikatika juu ya nini."

Nikaona mtego wote, wazi. Akirudi, kila ada ya shule isiyolipwa ni mimi. Kila jino la shemeji ni mimi. Akikaa mezani anasikia ndege inapita juu, ni mimi. Nilitaka kusema rudi. Nilitaka kupiga magoti kwenye simu. Nikamwambia hivi:

"Minye siko tour de contrôle yako, ule munara unaambiaka ndege itue. Weye njo komanda. Kama unarudia, kuya ulie baba. Kama haurudie, usiseme ni minye."

Akasema atafikiri. Baadaye akatuma ujumbe: amesaini.

Nikapanda gari kwenda Kapolowe kumwambia mama. Nilimkuta anapepeta mahindi uani. Nikasema, "Mama, hatakuya." Hakushangaa. Aliweka ungo chini, akafuta mikono, akasema: "Kilio ya bwana yangu haiwezi kungojea likizo ya muntu." Akawaita kaka zangu, akaita majirani, wakapika. Mahali pa mkwe akanikalisha mimi, binti, kitu ambacho wazee walinung'unikia na yeye hakuwasikiliza. Nililia pale mpaka nikaisha. Halafu mama akanishika mkono, akaniinua, na kilio cha baba yangu kikafungwa.

Najua mlikuwa mnasubiri niseme alirudi, mseme haleluya. Hakurudi. Nina uchungu, na sitauficha kwa sababu tuko kanisani. Mungu ananisikia hata nikiwa nyumbani, uchungu wangu anaujua.

Mimi nimerudi darasani Shituru. Mwalimu mkuu alinipokea bila maneno mengi, watoto wa darasa la tatu walinipokea kwa kelele. Namshukuru yeye. Nawashukuru wale bamama wanne. Walinitoa mahali ambapo sala zenu, mnisamehe, zilinipita juu. Namshukuru mama yangu, ambaye hakunilazimisha kuchagua kati yake na bwana yangu.

Na funzo langu ni hili, hasa kwenu wasichana mnaochumbiwa na watu wa safari, na ninyi wazazi mnaowasukuma. Mshahara mkubwa si dhambi. Lakini kabla hamjaingia kufunga na kuomba, kaeni chini, muulizane: siku ya msiba atakuja? Kama jibu ni pesa, basi mjue mmemwoza binti yenu kwa pesa, na msimlaumu akikonda.

Mtaniuliza kama ndoa ipo. Ipo. Mwezi ujao anakuja likizo. Nimemwambia kwamba mama yangu amefunga kilio, kule Kapolowe hadaiwi tena. Kwangu bado. Aanzie kulia pale kwenye geti, barabarani, watu wakimwona. Nikisikia sauti yake nitatoka, nitamshika mkono. Nisipoisikia, nitaendelea kusahihisha hesabu za watoto wa watu, na geti litabaki limefungwa.