Mwalimu Lameck Nandonde na Nyanya za Kubebesha

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Mwalimu Lameck Silvano Nandonde. Alizaliwa Chiwata, wilayani Masasi, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa marehemu Katekista Silvano Nandonde na marehemu Bibi Helena.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Chiwata, kisha sekondari Chidya kuanzia 1973 hadi 1976. Mwaka 1979 alihitimu ualimu, akafundisha sayansi Masasi na Newala mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na Anjelina, wa hapa Newala. Alipokuja kuposa, alijitolea kuteka maji bondeni, akapanda mlima na ndoo kichwani, akafika na nusu. Mama mkwe akachungulia ndani ya ndoo, akasema, "Huyu atatuua kwa kiu, ila amejaribu." Akakubaliwa.

Baada ya kustaafu alitaka kulima nyanya ndani ya kitalunyumba, zipatikane hata kiangazi. Mwaka 2020 alikata mikorosho kumi na miwili ambayo mkewe aliachiwa na baba yake, akajenga. Ilipofika kuchagua namna ya kupanda, binti yake Sabina, bibi shamba huko Tandahimba, alimsihi.

"Baba, hapo kuna ugonjwa wa mnyauko, umo kwenye udongo. Panda kwenye mifuko, au tubebeshe nyanya juu ya shina la ngogwe, ile nyanya chungu isiyopatwa na mnyauko, kama mnavyobebesha mikorosho."

"Nimefundisha sayansi kabla hujazaliwa," alimjibu. "Nitapanda ardhini."

Miche mia mbili na arobaini ilisimama vizuri hadi ikatoa maua. Kisha ikaanza kulala ikiwa bado ya kijani, mmoja leo, kumi kesho. Sabina alikata shina, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Ute mweupe ukashuka kama uzi. Ndiyo dalili ya mnyauko, na Mwalimu aliiona. Msimu uliofuata akapanda tena palepale, ardhini. Ikafa yote.

Tangu hapo hakumpigia Sabina simu kwa zaidi ya miaka mitatu. Haikuwa hasira. "Nitamwambia nini mtoto?" alimuuliza mkewe. "Nimekata mikorosho ya baba yako, na sina hata nyanya moja ya kukutilia kwenye mboga."

Februari 2024 aligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kazi. Mei mwaka huu wa 2025, akiwa hatembei bila kushikwa, alimpigia binti yake. "Mama, ulisema kweli. Njoo unifundishe."

Sabina alikuja. Wakaotesha ngogwe na nyanya, na Julai wakaanza kubebesha. Mwalimu aliharibu miche minane mfululizo, wembe wa kukatia ukamponyoka, akalia mbele yao kama mtoto. Mama Sabina aliuokota ule wembe, akaendelea. Mwalimu akakaa kwenye kiti, akishika uzi wa kufungia. Kati ya miche sitini iliyofungwa, ilishika thelathini na mmoja.

Mwishoni mwa Agosti mitano ililala. Mwalimu aliomba apelekwe kitaluni, akauliza, "Ni ugonjwa ule ule?" Sabina alikata shina moja, akalitia kwenye glasi. Maji yalibaki safi.

"Hapana, Baba. Ni kiu."

Kisima cha kuvunia maji ya mvua kilikuwa kimekauka. Kuanzia siku hiyo Mwalimu alikataa kuogeshwa. Aliagiza maji yake yapelekwe kwenye miche. Walimbembeleza, hakusikia. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Miche ishirini na sita ilikuwa na maua. Tunda hakuliona.

Jana kabla wageni hawajafika, Sabina aliingia kitaluni. Maua mengi yamedondoka. Matatu yameshika tunda. Kama yatafika kuiva, hatujui.

Marehemu ameacha mjane, Mama Anjelina, watoto wawili, Sabina na Oscar, wajukuu wanne, na mdogo wake, Emilia, aliyeandika na kusoma maneno haya.

Kaka, umechoka sana. Bwana akupokee, upumzike sasa kwa amani.